Albert Lubaki, fundi wa pembe wa Bukama aliyeshika rangi ya maji

Maji ya Oso yanatoka milimani kwa Masisi, yanakutana na Lowa katika Walikale, kiisha yanapenya msitu mpaka kuingia Lualaba, chini ya Kindu. Mtu akifika pale na kupanda Lualaba kinyume cha maji, akapita Kindu, Kongolo na Kabalo, akavuka bonde la maziwa ya Upemba, mwisho atafika Bukama, katika Katanga. Karibu miaka 100 iliyopita, mji huo mdogo wa kando ya mto ulikuwa na fundi mmoja wa pembe za ndovu. Jina lake Albert Lubaki.

Ukiuliza leo majina ya wachoraji wa Kongo, wengi watakutajia Chéri Samba, Moke, Bodo. Wazee wa Lubumbashi wataongeza Pilipili na Mwenze. Lubaki ni wachache sana wanaomtaja. Lakini historia ya uchoraji wa Kongo kwenye karatasi, jinsi inavyoelezwa katika maonyesho makubwa na katika vitabu, inaanza naye, na mwaka wa kuanza unaandikwa 1926. Michoro yake ilipanda masua, ikavuka bahari, ikatundikwa katika majumba ya Brussels, Geneva na Paris. Yeye mwenyewe alibaki Kongo. Maisha ya Lubaki yote yanageuka hapo: kazi ilikwenda mbali, mwenye kazi akabaki nyuma, na kati yao wakasimama watu wengine.

Mji wa reli na mto

Vitabu vinaweka kuzaliwa kwake karibu na mwaka wa 1895. Mtoto wa miaka ile alizaliwa chini ya utawala wa Léopold II, kabla Ubelgiji haijachukua Kongo kama koloni mwaka wa 1908. Alipokuwa kijana, Katanga iligeuka haraka. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, Élisabethville ikajengwa kuanzia 1910, na reli ikasukumwa kuelekea kaskazini mpaka kufika Bukama mwaka wa 1918.

Juu ya nini Bukama? Juu pale ndipo Lualaba inaanza kubeba masua. Mizigo iliyotoka Élisabethville kwa treni ilishushwa Bukama, ikapakiwa kwa masua mpaka Kongolo, ikarudi tena kwa treni mpaka Kindu, ikapanda tena maji kuelekea Ubundu na Kisangani, ambayo siku ile iliitwa Stanleyville. Kwa miaka kumi hivi, Bukama ilikuwa mwisho wa reli. Na mwisho wa reli ni mahali pa watu wengi: wapagazi, mabaharia, makarani, askari, wafanyabiashara Wagiriki na Waitalia, wachuuzi wa samaki wa Upemba, watumishi wa serikali wakingoja safari. Mtu anayengoja masua siku tatu ana muda wa kutembea mjini, na kama mfukoni mna franga, atanunua kitu cha kupeleka kwao.

Hao ndio waliokuwa wateja wa mafundi wa pembe. Katika miji ya reli na bandari za mito, fundi wa pembe alitengeneza vitu ambavyo mzungu anaweza kufunga katika sanduku: visu vya kufungulia barua, tembo wadogo wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, mamba, bangili, vichwa vya watu. Kazi yenyewe ni ya kukaa chini siku nzima. Kwanza pembe inakatwa kwa msumeno vipande vipande. Kiisha kisu na tupa vinatoa umbo polepole. Mwisho ni kusugua, na wengi walitumia majani makavu ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Pembe ni mali ya bei. Kisu kikiteleza mara moja, tembo anakatika mkonga, na hasara ni ya fundi.

Watu wa Walikale na wa upande wa Shabunda hawahitaji kufundishwa kwamba pembe ilikuwa na heshima yake. Warega waliichonga kwa ajili ya bwami, na sanamu ile haikuwa ya kila mtu kushika: ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na cheo chake. Pembe ya Bukama ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilichongwa ili iuzwe kwa mpita njia ambaye fundi hatamwona tena. Lubaki aliishi kwa biashara hiyo, na haifai kuidharau. Ndiyo iliyofundisha mkono wake kuona mnyama kwa ubavu, kwa mstari mmoja wa mgongo, bila kubabaika.

Ukuta kabla ya karatasi

Nje ya kazi ya pembe kulikuwa na kazi nyingine ambayo haikuuzwa. Katika vijiji vingi vya Katanga na Kasai, watu walichora kuta za nyumba zao. Mkaa ulitoa nyeusi, udongo mweupe ulitoa nyeupe, udongo mwekundu wa kichuguu ama wa kando ya mto ulitoa nyekundu na rangi ya kahawia. Walichora wanyama, watu, mitego, nyota, na baadaye wakaanza kuchora mambo mapya waliyoyaona, kama baiskeli na mzungu mwenye kofia.

Ukuta wa udongo hauna umri mrefu. Mvua za mwaka mmoja zinaufuta, mwenye nyumba anausiriba upya, na mchoro mwingine unakuja juu ya ule. Hakuna aliyelia. Mchoro wa ukutani ulikuwa kama wimbo wa kazini: unaimbwa, unaisha, kesho unaimbwa tena kwa namna nyingine. Mtoto wa Masisi anayeandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni la mama yake, na kupigwa kwa ajili hiyo, anaujua mchezo huo vizuri.

Mwaka wa 1926 alifika Bukama mtumishi wa serikali ya koloni, Mbelgiji kijana jina lake Georges Thiry. Kazi yake ilikuwa ile ya watumishi wote wa Bula Matari wa siku ile: kuhesabu watu, kodi, barabara, mashauri. Lakini huyu alikuwa na macho ya kuangalia kuta. Aliona nyumba zilizochorwa, akauliza ni mkono wa nani, akaongozwa mpaka kwa Lubaki. Akajua pia kwamba mvua itafuta yote. Basi akaleta karatasi na kisanduku cha rangi ya maji, ile Wafaransa wanaita akwareli, akampa fundi wa pembe, akamwomba achore pale alichokuwa akichora ukutani.

Thiry alisema hakumfundisha kuchora. Tunaweza kusadiki sehemu kubwa ya neno hilo tukiangalia michoro yenyewe, juu haina dalili ya mafunzo ya shule za Ulaya siku zile. Hakuna kivuli cha kufanya mtu aonekane mnene, hakuna barabara inayosinyaa kuelekea mbali. Ila kumpa mtu karatasi nalo ni fundisho la aina yake. Ukuta unazunguka nyumba, unapanda na kushuka, una mlango katikati. Karatasi ina kona nne na inaweza kutiwa ndani ya bahasha. Siku Lubaki alipokubali ile karatasi, mchoro wake uliacha kuwa wa jirani anayepita, ukawa kitu kinachoweza kuondoka.

Rangi isiyosamehe

Watu wanadhani rangi ya maji ni rahisi kwa sababu watoto wanaichezea. Sivyo. Rangi ile ni unga laini uliokandwa na gundi ya mti wa mgunga. Brashi yenye maji inaiyeyusha, karatasi inaikunywa, na ikishakunywa, kwisha. Rangi ya mafuta unaweza kuikwangua ama kuifunika kesho yake. Rangi ya maji hairudi nyuma. Tone likidondoka pabaya, litabaki pale. Tena rangi hii kwa kawaida haitumii nyeupe: weupe ni wa karatasi yenyewe, mahali mchoraji alipoamua kutogusa.

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa shida kubwa. Kwa fundi wa pembe yalikuwa mambo ya kila siku. Pembe nayo haisamehe, na pembe nayo ni nyeupe kabla mkono haujafika. Lubaki alijua tayari kuacha nyeupe ikae. Katika karatasi zake, sehemu kubwa iko tupu. Mnyama anasimama kwa ubavu, mwili wa rangi moja iliyolazwa bila wasiwasi, jicho moja, miguu yote ikionekana. Ndege amekaa juu ya mti. Chui, mamba, nyoka, tembo. Michikichi yenye majani yaliyofunguka kama vidole. Watu wamesimama kwa mstari, mmoja ameshika kitu, mwingine anatembea. Mara nyingi pembeni kuna mstari wa rangi unaozunguka karatasi yote, kama pindo la kikwembe, na ndani ya pindo hilo mambo yote yanatulia mahali pake.

Baadhi ya michoro ni hadithi. Kuna mnyama na mtu ambao hawakukutana njiani hivi hivi. Kuna jambo kati yao, kama katika hadithi za jioni ambamo sungura ana shauri na chui ana hasira. Mtazamaji wa Ulaya aliona wanyama wazuri. Mtu wa Bukama alisoma kesi iliyokuwa ikiendelea.

Na hapa lazima tuseme kuhusu mikono miwili, siyo mmoja. Nyumbani kwa Lubaki kulikuwa na bibi yake, Antoinette, na yeye alichora vilevile kwa rangi ya maji. Karatasi zake zilikwenda Ulaya pamoja na za bwana yake. Kwa miaka mingi watu waliposema Lubaki walikuwa wanafikiri mwanaume tu, na kazi ya mama ikaingia chini ya jina la baba, jambo ambalo wamama wengi wa vijiji vyetu wanaweza kueleza bila kwenda Bukama. Leo Antoinette Lubaki anahesabiwa kati ya wanawake wa kwanza wa Kongo ambao kazi yao ya uchoraji inajulikana kwa jina. Nyumba moja, watu wawili wanachora. Na kabla ya kuchora kuna kuchota maji, kuna moto, kuna pembe inayongoja mteja, kuna kodi ya kichwa ambayo serikali haikusahau mwaka hata mmoja. Karatasi ziliingia katikati ya hayo. Si kwamba maisha yalisimama ili sanaa ipite.

Karatasi zinaondoka

Thiry hakuweka michoro ndani ya sanduku lake tu. Aliituma Brussels kwa Gaston-Denys Périer, aliyekuwa akifanya kazi katika wizara ya makoloni. Périer alikuwa na mawazo ambayo wakubwa wake wengi hawakuwa nayo: aliona kwamba sanaa ya Wakongo haikufa na masanamu ya zamani, kwamba watu walio hai wanatengeneza mambo ya leo na wanastahili kuonyeshwa. Aliandika juu ya jambo hilo na kugonga milango mingi.

Mwaka wa 1929 milango ilifunguka. Michoro ya Lubaki ilionyeshwa Brussels katika Palais des Beaux-Arts, jumba jipya lililofunguliwa mwaka mmoja tu mbele, kazi ya Victor Horta, mmoja wa wajenzi wenye sifa kubwa Ubelgiji. Mwaka wa 1930 ikaonyeshwa Geneva, Uswisi, katika jumba la makumbusho ya mataifa lililoongozwa na Eugène Pittard. Mwaka wa 1931 ilifika Paris, katika nyumba ya sanaa ya Charles-Auguste Girard, mwaka uleule ambao Ufaransa ilifanya maonyesho yake makubwa ya makoloni, mamilioni ya watu wakipita.

Tufikirie tofauti ya pande mbili. Paris, watu wa koti na kofia wanasimama mbele ya chui wa Lubaki, wanasema juu ya usafi wa macho, juu ya mtu ambaye hajaharibiwa na shule. Bukama, mwenye chui ana miaka karibu 35, ni fundi aliyezoea kupanga bei na wazungu wa kila kabila, amekaa katika mji wa treni na masua, anajua kabisa franga ni nini. Hakuwa mtu wa porini aliyeamka asubuhi na kukuta brashi. Wale waliomsifu walimpenda kwa kitu ambacho hakuwa, na sifa ya namna hiyo ina hatari yake: mtu anayefikiriwa kuwa mtoto hafikiriwi sana kuhusu malipo.

Bei zilipangwa Ulaya. Walioandika maelezo walikuwa wa Ulaya. Walioamua karatasi gani itundikwe na ipi ibaki katika mfuko, vilevile. Thiry na Périer walifanya kazi ambayo bila yao tusingekuwa na karatasi hata moja. Hilo ni deni la kweli na halifutiki. Lakini njia yote kati ya Lubaki na mtazamaji wake ilipita katika mikono ya watu wawili tu, na kamba ya nyuzi mbili, wanaofunga mizigo wanajua, uzi mmoja ukikatika mzigo uko chini.

Mambo mawili yalikuja karibu pamoja. La kwanza lilikuwa la reli. Mwaka wa 1928 njia ya treni ya BCK kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, leo Ilebo, ilimalizika, na mfalme Albert wa Ubelgiji alikuja mwenyewe katika safari ya kuizindua. Ulikuwa mwaka uleule ambao Comité National du Kivu iliundwa, ambayo wazee wa Masisi wanaikumbuka kwa habari ya mashamba. Tangu hapo shaba ya Katanga haikuhitaji tena kungoja masua pale Bukama. Treni ilipita moja kwa moja kuelekea Kasai. Mji uliokuwa mwisho wa reli ukawa stesheni ya kupita. Muda si mrefu ikafuata shida ya uchumi ya dunia nzima iliyoanza 1929. Bei ya shaba ilianguka, Union Minière ikarudisha wafanyakazi wengi makwao, na katika nyakati kama hizo kisu cha pembe cha kufungulia barua ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu anaacha kununua.

La pili lilikuwa la watu. Watumishi wa koloni walihamishwa mara kwa mara, na Thiry hakukaa Bukama. Katika Kasai alikutana na mchoraji mwingine, fundi cherehani ambaye Ulaya wanamwita Djilatendo, na ambaye karatasi zake zina mistari na vyumba vyumba kama velvet ya Wakuba. Djilatendo alitia michoro katika kitabu cha hadithi cha Badibanga kilichotoka Brussels mwaka wa 1931. Halafu Thiry na Périer waligombana. Katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano na wachoraji yalikatika. Maonyesho yakakoma, maagizo yakakoma. Jina la Lubaki, ambalo miaka mitano mbele lilichapwa katika magazeti ya Brussels na Paris, likatoka katika makaratasi.

Hakuna aliyemfukuza Lubaki na hakuna aliyepiga marufuku kazi yake. Wazungu wawili hawakupatana Ulaya, na nyumba moja ya Bukama ikakosa karatasi.

Shule zilizokuja nyuma

Uchungu wa habari hii unaonekana zaidi ukitazama kilichofuata. Mwaka wa 1943, katika Gombe-Matadi ya Bas-Congo, Frère Marc-Stanislas alifungua shule ya Saint-Luc, ambayo baadaye ilihamia Léopoldville na kuwa Académie des Beaux-Arts. Mwaka wa 1946, Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa baharia wa jeshi, alianzisha karakana yake iliyoitwa Hangar. Pale ndipo walipokomaa Pilipili Mulongoy mwenye samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga wa mistari mifupi, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole. Desfossés aliwapa vifaa, akawakataza kuiga picha za Ulaya, akawaambia watafute ndani yao wenyewe. Watu wakasema ni njia mpya ya kufundisha.

Haikuwa mpya hata kidogo. Miaka 20 mbele, katika mji wa reli hiyohiyo ya Katanga, fundi wa pembe na bibi yake walishafanya kazi namna hiyo, bila paa la karakana, bila mshahara wa mwezi, bila mwenzao wa kukaa naye benchi moja. Walichokosa siyo kipaji. Walikosa mlango wenye jina juu yake, mahali ambapo mtu akiondoka mwingine anabaki na funguo. Pilipili alipata shule. Baada ya Desfossés kufa mwaka wa 1954, kazi ilichukuliwa na Académie ya Laurent Moonens, na wachoraji wa Hangar wenyewe wakaendelea, wengine wakawa waalimu. Kwa Lubaki, Thiry alipoondoka, aliondoka na kila kitu, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye alikuwa shule, duka la karatasi na posta.

Thiry alikumbuka. Alipozeeka aliandika kitabu juu ya ile kazi ya kutafuta wachoraji wa Kongo, kikatoka Ubelgiji mwaka wa 1982, zaidi ya miaka 50 tangu maonyesho ya kwanza. Wenye kukusanya sanaa walianza kutafuta zile karatasi katika masanduku ya familia za Ubelgiji. Nyingi zilikuwa salama: ndani ya kabati la Ulaya hakuna mchwa, na giza linalinda rangi ya maji, ambayo jua linaikausha na kuififisha. Ukweli usio mtamu ni kwamba karatasi zile zilipona kwa sababu zilienda mbali. Zile kuta za Bukama hazikubaki.

Mwaka wa 2015 Fondation Cartier ya Paris ilifanya maonyesho makubwa yaliyoitwa Beauté Congo, Congo Kitoko, yaliyopangwa na André Magnin. Yalihesabu miaka kutoka 1926 mpaka 2015. Watu walipanga foleni kuona Chéri Samba, Moke, Bodo, na miji ya makaratasi ya Kingelez. Na mwanzo wa hesabu hiyo yote ulikuwa Albert na Antoinette Lubaki, na Djilatendo. Mwaka wa 2022, katika maonyesho ya kimataifa ya Venice, Italia, Antoinette alikuwa katika orodha ya wasanii kwa jina lake mwenyewe.

Mwenye simu na mega kidogo anaweza kuandika jina la Lubaki na kuona baadhi ya michoro. Ongeza mwanga wa kioo, juu rangi ni nyepesi na kwenye simu ndogo inapotea. Angalia kwanza pindo linalozunguka karatasi, kiisha angalia miguu ya wanyama inavyokanyaga mstari wa chini. Na kama mtoto yuko karibu, mpe simu akisie ni mnyama gani. Kwa kawaida watoto wanapata jibu mbele ya wakubwa.